Hati za madeni ya nyumba, na swali la mama

Muncie, Indiana. Jumapili usiku.

Msimu wote huu wa baridi nimekuwa nikijisomea biashara ambayo nilipokuwa Tanga sikuwahi kusikia kwamba ipo: kununua hati za madeni ya nyumba. Hununui nyumba, hununui kiwanja. Unanunua deni. Kuna mtu amechukua nyumba kwa mkopo na analipa kila mwezi. Anayemdai amechoka kusubiri, anataka fedha yake sasa, basi anakuuzia haki ya kupokea. Kuanzia hapo marejesho yanakuja kwako mpaka deni liishe.

Huku Marekani mkopaji wa nyumba hutia saini hati mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni ya deni lenyewe: nimekopa kiasi hiki, nitalipa kwa riba hii, kwa miaka hii. Nyingine ni ya rehani, inayoifanya nyumba kuwa dhamana, na hiyo husajiliwa kwenye ofisi ya hati ya kaunti. Ya kwanza ndiyo yenye fedha, ya pili ndiyo yenye meno. Benki na mifuko ya uwekezaji huuziana hati hizi kwa mafungu makubwa, na mafundisho mengi ninayokutana nayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Mimi niko mji mdogo na akiba yangu ni ya mfanyakazi wa zamu ya usiku. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba kuwa mji mdogo kuna faida yake.

Muncie ulikuwa mji wa viwanda. Ndugu wa ukoo wa Ball walihamishia hapa kiwanda chao cha mitungi ya kioo mwaka 1887, baadaye vikaja viwanda vya vipuri vya magari; kile cha BorgWarner kilifungwa mwaka 2009. Nyumba za mbao walizoishi wafanyakazi bado zipo, hasa upande wa kusini, na nyingi bei yake ni ya chini sana kwa viwango vya nchi hii. Benki haivutiwi na mkopo wa dola 50,000, kwa sababu kazi ya kuuandaa ni karibu ileile ya mkopo wa dola 400,000, na faida ni kiduchu. Basi mwenye nyumba anayetaka kuuza na mnunuzi aliyekosa benki wanaelewana wenyewe. Mnunuzi anatoa kianzio, anapewa funguo, kinachobaki analipa kidogo kidogo pamoja na riba. Miaka inapita, muuzaji anazeeka au anataka kuwafuata wajukuu Florida, na ile hati bado iko kwenye droo ya kabati. Mfuko wa New York hauna habari na droo hiyo. Sisi tunaokaa hapa ndio tunaosikia habari zake.

Mfano ninaoufanyia mazoezi daftarini ni huu. Deni la dola 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, miaka 20. Marejesho ni dola 418.22 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, dola 333.33 zinakwenda kwenye riba, na zinazopunguza deni hazifiki hata 85. Nilipoandika namba hizo mara ya kwanza nilikaa nikiziangalia. Mtu akilipa miaka 20 yote atakuwa ametoa zaidi ya dola 100,000 kwa deni la 50,000. Hata baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa, bado anadaiwa dola 43,762 hivi.

Sasa tuseme mwenye hati anataka kuuza hapo, mwaka wa tano. Hakuna atakayempa 43,762 kamili, kwani fedha ya kusubiri miaka 15 si sawa na fedha ya leo, na hatari nayo ina bei yake. Nikimpa dola 36,000 na mkopaji akaendelea kulipa 418.22 zake mpaka mwisho, faida yangu inakuwa kama asilimia 11.4 kwa mwaka. Mkopaji haongezewi hata senti moja. Riba yake ni ileile aliyoisaini. Punguzo limetoka kwa muuzaji, aliyependa fedha taslimu kuliko kusubiri.

Rafiki yangu mmoja kutoka Unguja, tunafanya naye kazi, nilimweleza yote haya naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye hawezi: ni riba, na kuuza deni kwa bei pungufu kunazidisha tatizo. Yeye anaweka akiba anunue nyumba apangishe. Namheshimu kwa hilo, na sikumbishia.

Lakini swali lililonikaa zaidi ni la mama. Nilimpigia simu wiki iliyopita, nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

“Mwanangu, kwa hiyo unanunua madeni ya watu?”

“Ndiyo mama, lakini ni watu wanaolipa.”

“Kukopa harusi, kulipa matanga. Na akishindwa, unamfanyaje?”

Mama anaishi mtaa ambao ameona kwa macho yake mikopo ya kausha damu: wanawake wanaofungiwa vibanda, televisheni na makochi yakibebwa mchana kweupe mbele ya watoto. Kwake yeye, mtu anayedai ni mtu anayekuja kubeba vitu. Sikutaka kumjibu haraka haraka. Nilimwomba anipe muda, na wiki hii nimeitumia kulisoma swali lake kuliko kusoma jinsi ya kupata faida.

Hapa Indiana hakuna anayeweza kuchukua nyumba iliyowekwa rehani bila kwenda mahakamani. Mdai anatakiwa kwanza kumpelekea mwenye nyumba taarifa angalau siku 30 kabla ya kufungua kesi, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kikao cha maridhiano. Kesi ikishafunguliwa, kwa rehani za kawaida za nyumba, lazima ipite miezi mitatu kabla nyumba haijapelekwa kwenye mnada wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Kwa mikopo ya taasisi za fedha, kanuni za shirikisho zinataka mkopaji awe amechelewa zaidi ya siku 120 ndipo hatua ya kwanza ya mahakama ianze.

Mauzo ya awamu, yale ambayo muuzaji anabaki na hati miliki mpaka amalize kulipwa, yalikuwa na mwanya mbaya. Mkataba uliweza kusema: ukikosa kulipa, umepoteza nyumba pamoja na vyote ulivyokwisha kutoa. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Indiana iliamua kesi ya Skendzel dhidi ya Marshall. Wanunuzi walikuwa wamelipa dola 21,000 kati ya 36,000, kisha wakashindwa kuendelea. Wauzaji walitaka kila kitu. Mahakama ilikataa. Ilisema mkataba wa namna hiyo utendewe kama rehani: mali iuzwe kwa utaratibu, mdai achukue anachodai, kinachozidi ni cha mnunuzi. Kunyang’anywa moja kwa moja kulibaki kwa hali chache, kama mnunuzi kutelekeza mali au kuwa amelipa kiasi kidogo tu.

Mwanya huo uliumiza watu kiasi gani? Jibu moja liko Chicago, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa. Tangu miaka ya 1930 wakala wa serikali uliokuwa ukidhamini mikopo ya nyumba ulikataa kudhamini mitaa ya watu weusi, na benki zikafuata. Waliotaka nyumba wakabaki na mikataba ya awamu. Clyde Ross, aliyetoka Mississippi, alinunua nyumba mtaa wa North Lawndale mwaka 1961 kwa dola 27,500. Muuzaji alikuwa ameinunua miezi michache tu nyuma kwa 12,000. Ukikosa mwezi mmoja, nje, na nyumba inauzwa kwa mwingine. Mwaka 1968 wanunuzi hao waliungana wakaanzisha chama chao, Contract Buyers League, wakagoma kulipa mpaka mikataba irekebishwe. Mimi ni mtu mweusi ninayetaka kukaa upande wa pili wa hati ya aina hiyohiyo. Historia hii siwezi kuiruka ili nifike kwenye mahesabu.

Kwa hiyo nimeamua jambo. Wapo wanaofundisha kwamba fedha nyingi iko kwenye hati za watu walioacha kulipa: unainunua kwa bei ya kutupa, kisha unangoja nyumba. Wengine hufanya hivyo kwa uungwana, hukaa na mkopaji na kupanga marejesho upya, na hilo ni jambo jema. Lakini anayeanza kwa akiba ndogo hana ubavu wa kuwa mvumilivu. Wakili, kodi, bima, miezi bila kipato: shinikizo lote hilo litamwangukia mwenye nyumba. Mimi nitatafuta hati za watu wanaolipa, na nitakataa hati yoyote ambayo hesabu yake inakuwa tamu pale tu familia inapotoka.

Na katika mahesabu yenyewe nimepata kitu cha kumwambia mama. Rudi kwenye ule mfano wa dola 36,000. Mkopaji akilipa mwaka mmoja, kisha hali yake ikawa nzuri, akapata benki na kumaliza deni lote mara moja, atanilipa dola 42,188 hivi, juu ya zaidi ya 5,000 alizokwisha kulipa. Ningepata karibu dola 11,200 kwa mwaka mmoja, na yeye angekuwa ametoka kwenye deni langu na kuhamia pengine kwenye riba nafuu. Maana yake, aliyenunua kwa punguzo ananufaika zaidi mkopaji anapowahi kujikomboa. Nikimpa kumbukumbu safi za malipo yake ya kila mwezi ili akazionyeshe benki, namsaidia yeye na mimi pia. Nilipompigia mama jana kumweleza hili, alisema, “Hapo sawa. Lakini hujanijibu akiumwa.” Nikamwambia kwamba akiumwa tutakaa tupange upya, na kwamba nitatenga akiba kwa ajili hiyo kabla ya kununua chochote. Alikubali, kwa sharti kwamba niiandike. Nimeiandika.

Jambo jingine linalonichukua muda ni karatasi. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ilionekana kwamba mikopo ilikuwa imeuzwa mara nyingi mno bila hati kufuatana. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya Massachusetts, katika kesi inayojulikana kama Ibanez, ilithibitisha kwamba uuzaji wa nyumba ulikuwa batili kwa sababu benki hazikuonyesha kwamba zilikuwa zimekabidhiwa rehani wakati zinauza. Kwa hiyo nataka hati halisi ya deni, yenye saini ya kuihamisha kila ilipobadilisha mikono, na uhamisho wa rehani uliosajiliwa kaunti. Nataka pia risiti za kodi ya majengo, ambayo hapa hulipwa tarehe 10 Mei na 10 Novemba. Deni la kodi linatangulia rehani. Nyumba ikipigwa mnada wa kodi na mwenyewe asiikomboe ndani ya mwaka mmoja, mnunuzi anaweza kuiomba mahakama hati miliki, na rehani yangu ikafutika ingawa mkopaji hakuwahi kuchelewa kwangu hata siku moja.

Kanisani kwetu kuna mzee aliyeuza nyumba ya marehemu dada yake kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo, na mnunuzi, mama mmoja, analipa vizuri. Anahitaji fedha ya paa la nyumba yake, ila hataki kuachia hati yote, na mimi sina uwezo wa kuinunua yote. Ipo njia ya kununua sehemu. Kwa ule mfano wangu, haki ya kupokea marejesho 60 yajayo ya dola 418.22, jumla kama 25,093, ingegharimu dola 19,700 hivi ili nipate asilimia 10 kwa mwaka. Miaka mitano ikiisha, yanayobaki yanarudi kwake. Naipenda njia hii kwa sababu mzee anabaki na hisa katika deni, kwa hiyo naye ataendelea kujali kama yule mama aliyeinunua nyumba anaendelea vizuri.

Hatujakubaliana bei. Nimemwomba taarifa za benki zinazoonyesha kila malipo yaliyoingia, na Jumatano, nikitoka zamu, nitapita ofisi ya kaunti kuangalia rehani ilivyosajiliwa na kama kodi ya Novemba imelipwa. Vikiwa sawa tutakwenda wote kwa wakili, na kampuni ya kusimamia marejesho ndiyo itakayopokea fedha kutoka kwa mkopaji na kutugawia. Nimemwambia mzee pia kwamba kabla ya kusaini ningependa tumtembelee mkopaji pamoja, ili asikie kutoka kwetu, si kwa barua, nani atakuwa akipokea fedha zake na nani ampigie simu mwezi ukiwa mgumu. Amesema atamuuliza siku inayomfaa.