Kopo la Bweni

Kila likizo ikiisha, swali lilikuwa lile lile: "Eti mwanangu, ulifanya nini kwa bibi?" Naye mwanangu huinamisha kichwa, akanitazama mimi nimjibie. Nami nilimjibia, miaka mitatu mizima, mbele ya walimu na majirani. Ana miaka 11, ana sindromu ya Down, anasoma kitengo cha elimu maalumu hapa Tanga. Niliamini kabisa kwamba hakumbuki.

Aliyenizindua ni mwalimu wake. "Mama, unampa mtihani," aliniambia. "Mpe kitu ashike." Watoto wengi wenye hali hii, wanachokisikia huwaponyoka upesi kuliko wanachokiona. Swali refu likifika mwisho, mwanzo wake umeshampotea.

Desemba tukaenda Bweni, kwa bibi, ng'ambo ya Mto Pangani, na kopo tupu la biskuti. Tulirudi nalo likiwa na kombe la ufukweni, kifuu cha nazi aliyoikuna mwenyewe kwa mbuzi ya bibi, na kipande cha kanga kuukuu ya bibi. Hicho sikukifua, kibaki na harufu yake ya moshi na udi. Kwa simu nikarekodi mlio wa kivuko cha Pangani. Mimi nilitaka pia ua la kilua, akalitoa, akalitupa. Nikaliacha. Kumbukumbu ni zake, achague yeye.

Sasa jioni tunavipanga mkekani, kushoto kwenda kulia, kama safari ilivyokwenda. Namshikisha kimoja, naanza sentensi, naiachia njiani: "Halafu tukapanda..." Kisha nanyamaza. Hapo ndipo penye kazi. Ulimi unawasha, unataka kummalizia. Nahesabu moyoni hadi kumi, siku nyingine hadi ishirini, na mara nyingi neno linakuja: "Maji." "Bibi." Moja tu linanitosha.

Juzi nilipowasha ule mlio wa kivuko, akasema, "Mbuzi."

Nikamsahihisha: hapana baba, mbuzi tuliiacha jikoni kwa bibi, hapa tuko kivukoni. Akakasirika, akapiga mkeka kwa kiganja. "Mbuzi! Meee!"

Nikafungua picha za siku ile. Nyuma ya bega lake, miguuni pa mtu mwenye baiskeli, amesimama mbuzi mweupe kafungwa kamba. Nilipiga picha ile kwa mkono wangu na sikumwona.

Nimemwomba radhi. Picha tumeisafisha, iko ndani ya kopo, chini ya kanga.