Saa nane usiku ni ya siku ipi? Kuunda aina za tarehe na saa katika lugha ya programu

Lori linaondoka Mtambaswala saa 4:50 asubuhi, linavuka Daraja la Umoja, na simu ya dereva inasajili kufika upande wa Msumbiji saa 4:05. Programu inatoa jibu: safari ya dakika hasi 45. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC (saa ya rejea ya dunia nzima) na Msumbiji iko saa 2, kwa hiyo safari yenyewe ni dakika 15. Dereva hana kosa, simu haina kosa. Kosa ni la aliyeunda aina moja ya data, akaiita "tarehe", kisha akaibebesha kazi zote.

Mtwara na Lindi makosa ya namna hii hujificha muda mrefu. Hatusogezi saa mbele na nyuma kwa majira, na +03:00 yetu ni ile ile mwaka mzima, kwa hiyo programu mbovu hutoa majibu sahihi mpaka siku inapovuka Ruvuma au inapohamishiwa kwenye seva inayosoma UTC. Kwa maoni yangu aina nzuri ya data ni ile inayokataa swali ambalo haina jibu lake, na ikatae mapema, wakati wa kukompaili, yaani msimbo unapotafsiriwa kabla ya kukimbia.

Anza na Nukta, yaani mahali pamoja kwenye mstari wa wakati, palepale kwa dunia nzima. Ihifadhi kama sekunde za biti 64 (tarakimu 64 za 0 na 1) kuanzia 1 Januari 1970 UTC, pamoja na nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) za biti 32. Sekunde za biti 32 zenye alama ya chanya au hasi zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa zetu. Nanosekunde peke yake kwa biti 64 nazo hazitoshi, maana haziendi nyuma zaidi ya 1677 wala mbele zaidi ya 2262. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mwaka huo hauingii humo.

Tarehe ni kitu kingine kabisa: ni idadi ya siku tu, biti 32, bila saa na bila eneo. Mkulima aliyezaliwa 14 Machi 1988 amezaliwa tarehe hiyo hata akisomewa kadi yake ng'ambo. Ukiihifadhi kama Nukta ya saa 6:00 usiku wa Mtwara, kwa UTC hiyo ni saa 21:00 ya tarehe 13, na seva itamchapia 13 Machi. Hapo chama cha msingi kitakuwa na mkulima mmoja mwenye tarehe mbili za kuzaliwa. Lugha ya programu ya Java ilianza na kosa hili hili: java.util.Date inaitwa tarehe lakini ndani yake ni nukta, tena inahesabu miezi kuanzia 0. Dawa ilikuja na java.time katika Java 8, mwaka 2014. Kwetu tunaosema "mwezi wa tatu" kila siku, mwezi wa tatu unaoandikwa 2 ni mtego wa bure.

Aina ya tatu ni SaaUkutani, yaani sekunde tangu usiku wa manane wa mahali ulipo, kwa saa za kimataifa (mtindo wa saa 24, si UTC), 0 hadi 86,399. Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta kazi ambayo maktaba nyingi haziigusi. Kutoka saa ya mfumo kwenda saa ya Kiswahili ni rahisi: saa = (h + 6) mod 12, ambapo h ni saa ya mfumo, 0 hadi 23, na mod 12 ni baki la kugawanya kwa 12; ikitoka 0 iandike 12. Ugumu uko kwenye kurudi. Wengi hujaribu kutafsiri neno la wakati peke yake, "jioni" iwe jumlisha kadhaa, "usiku" iwe jumlisha kadhaa, na wanakwama, kwa sababu neno moja linakaa pande zote mbili za jua kuchwa. Saa 11 jioni ni 17:00, bado mchana. Saa 12 jioni ni 18:00, hesabu imeshaanza upya. Alfajiri nayo ni hivyo hivyo: saa 11 alfajiri ni 05:00 na inahesabiwa na usiku, saa 12 alfajiri ni 06:00 na inahesabiwa na mchana.

Kwa hiyo soma neno na namba kwa pamoja ili upate biti moja tu: nusu ya mchana au nusu ya usiku. Kisha, kwa saa s, mchana ni 6 + (s mod 12), na usiku ni (18 + (s mod 12)) mod 24. Saa 8 usiku: 18 + 8 = 26, inabaki 2, yaani 02:00. Ikiandikwa "saa 8" bila neno, usikisie. Rudisha kosa, mwombe mtumiaji aseme ni mchana au usiku.

Hata hapo bado hujamaliza. "Jumamosi saa 8 usiku" ni usiku upi? Kwa kalenda ya kompyuta siku hubadilika 00:00. Kwa mwenye kuhesabu kwa mapokeo ya Pwani, siku mpya huingia jua likichwa, na "usiku wa Jumamosi" unaweza kuwa ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Hakuna fomula itakayoamua hili. Kinachofaa ni kuthibitisha kwa mtumiaji kwa maneno yasiyo na utata: "usiku wa kuamkia Jumapili". Ndani ya hifadhidata weka Tarehe na SaaUkutani za kimataifa. Saa ya Kiswahili ibaki mlangoni, wakati wa kusoma na wa kuonyesha.

Siku za wiki zipe aina yake pia, yenye thamani saba zenye majina. Kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, Jumatatu ni 1. Kwa lugha ya JavaScript Jumapili ni 0. Kwa majina yetu Jumamosi ndiyo mosi. Namba tupu ikipita kati ya mifumo hii mitatu itaharibika bila kelele.

Muda na Kipindi visichanganywe. Muda ni sekunde halisi, Kipindi ni miezi na siku za kalenda. Mkopo wa kikoba unaolipwa kila mwisho wa mwezi unaonyesha tofauti: katika mwaka usio mrefu, 31 Januari kuongeza mwezi 1 ni 28 Februari, na ukiongeza mwezi mwingine juu ya hapo unapata 28 Machi. Siku tatu zimepotea na hazirudi. Hesabu kila mara kutoka mwanzo: 31 Januari kuongeza miezi 2 ni 31 Machi.

Msimu wa korosho haukai ndani ya mwaka mmoja, unaandikwa 2024/2025. Upe aina yake, yenye Tarehe ya mwanzo iliyomo na ya mwisho isiyomo. Tangazo la "hadi tarehe 30 Novemba" lihifadhiwe kama mwisho 1 Desemba, isiyomo. Ukiweka Nukta ya 30 Novemba saa 6:00 usiku, siku nzima ya mwisho inafungiwa nje, na mtu aliyefika ghalani na magunia yake asubuhi anaambiwa amechelewa.

Tukio lililopita lihifadhi kwa Nukta. Miadi ijayo ihifadhi kwa Tarehe, SaaUkutani na jina la Eneo, mfano Africa/Dar_es_Salaam, si "+03:00". Sudan Kusini ilihama kutoka +03:00 kwenda +02:00 tarehe 1 Februari 2021. Aliyekuwa amehifadhi miadi ya Juba kama Nukta alijikuta imesogea saa nzima.

Kupima muda programu ilivyokimbia, tumia saa isiyorudi nyuma, kwani saa ya mfumo hurekebishwa na mtandao wakati wowote. Na ukikuta rekodi ya 1 Januari 1970, saa 9:00 usiku, usitafute tukio hilo: ni sifuri iliyosomwa kwa saa za Tanzania, na kuna mahali thamani haikujazwa.