Jiwe la Mama Ngina

Jana jioni nilikuwa ukingo wa bahari wa Mama Ngina, hapa Mombasa, na mpwa wangu, tunakula mihogo ya pilipili na ndimu, maji yamekupwa. Akagusa mwamba wa ukingoni akauliza, "Mjomba, mbona jiwe hili lina vijitundu kama chila?" Nikainama. Wallahi, miaka yote napita hapo sijawahi kuliangalia vizuri. Tumbawe hilo, limekuwa jiwe, tena juu kabisa ya maji!

Basi sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya matumbawe yaliyoota baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Fort Jesus nayo imejengwa juu ya mwamba huo huo. Baadaye, enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ikashuka karibu mita 120. Mito ikachimba mabonde, na maji yaliporudi yakayafunika. Ndiyo hori za Kilindini na Tudor hizo. Kumbe tukipanda feri ya Likoni tunavuka bonde lililozama! (Ya foleni siyasemi leo.)

Mtoto akataka kujua ng'ambo kuna nini. Nikamwambia Madagaska, ambayo wazee waliita Bukini, ilikuwa imeshikana na Afrika, ikaanza kubanduka miaka kama milioni 160 iliyopita. India nayo ikaachana na Bukini, ikasafiri kaskazini hadi ikagonga Asia, Himalaya ikainuka.

Akanitazama kama namtilia chumvi. Kisha akaomba dafu.