Nilivyotafuta kamati isiyo na timu, na raga ya Australia ilivyonisaidia

Kama umewahi kuendesha mashindano ya mpira ya jamii huku ughaibuni unajua shida haiko uwanjani, shida iko kwa kamati. Hapa Brisbane sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo tuna ligi yetu ndogo ya wikendi, kuna timu ya Wakongo, ya Warundi, ya Wasomali, Wakenya tuna timu mbili (walikosana, stori ndefu hiyo), na miaka yote iliendeshwa na wenye timu wenyewe. Mwenye timu ndiye anapanga ratiba, mwenye timu ndiye anaita refa, na mwenye timu huyo huyo ndiye anakaa kusikiliza rufaa ya mechi ambayo vijana wake wamecheza. Sasa hapo unategemea nini? Fainali moja ikaishia parking, watu wameziba magari ya wenzao wasitoke, na kikao kilichofuata wazee wakasema basi, tutafute kamati huru. Kazi ya kutafuta watu nikapewa mimi, nadhani sababu nilikuwa nimekaa kimya muda wote.

Ukimwambia Mkenya "tume huru" anacheka kwanza, tunajua tulikotoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona moja ikiundwa kwa karibu, na haikuwa ya uchaguzi, ilikuwa ya raga.

Kazini kwangu ni ghala la mizigo na pale watu wanaongea raga kuanzia wanavaa buti mpaka wanavua. Sio ile ya watu 15 tuliyozoea Ngong Road kule Nairobi, hii ni ya watu 13, ukiangushwa mara sita na hujafunga unawapa wenzako mpira. Mwanzoni mwa 2012 kwenye chumba cha chai mada ilikuwa moja tu, tume mpya huru ya kusimamia raga ya Australia. Na hao jamaa walikuwa na sababu ya kuichukulia kwa uzito. Miaka ya 90 ule mchezo ulipasuka katikati kwa sababu ya televisheni, kampuni ya Rupert Murdoch, News Limited, ikaanzisha Super League yake, na 1997 Australia ikawa na ligi mbili zinazochezwa kwa wakati mmoja, mashabiki wamegawanyika, wachezaji wanalipwa pesa za ajabu. 1998 wakaungana wakaita NRL, yaani National Rugby League, lakini muungano wenyewe ulikuwa nusu kwa nusu, chama cha zamani cha raga, ARL, upande huu na News upande ule. Hebu fikiria, kampuni hiyo moja ilikuwa mwenye nusu ya ligi, ilikuwa na klabu ndani ya ligi, yaani Melbourne Storm na hisa nyingi za Brisbane Broncos, na bado ilikuwa na mkono kwenye Fox Sports inayonunua haki za kuonyesha mechi. Muuzaji yeye, mnunuzi yeye. 2010 Storm wakakamatwa na vitabu viwili vya mishahara, wanalipa wachezaji zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, wakanyang'anywa ubingwa wa 2007 na wa 2009, na hapo hata yule ambaye hafuatilii siasa za mpira akaanza kuuliza, kwani hapa nani anamsimamia nani?

Basi tarehe 10 Februari 2012 Tume ikaanza kazi, watu wanane, News ikajiondoa kwenye umiliki wa ligi. Wanachama wakawa ni klabu 16 pamoja na vyama vya majimbo mawili, New South Wales na Queensland, lakini wanachama hawakai mezani. Wanapiga kura wanaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilinishika, yaani ni kitu kidogo tu ukikitaja lakini kwenye ligi yetu hakuna aliyekuwa amewahi kukiwaza, kwamba unaweza kuwa mwenye mali na bado usishike usukani.

Kwa hiyo kikao changu cha kwanza na wenye timu nilikataa kabisa kusikia majina. Walikuja nayo. Mmoja alitoa karatasi mfukoni imekunjwa mara nne, majina matano, wote wa kwao, mwingine akasema yeye hahitaji karatasi mtu wake anajulikana. Nikawaambia wazee wangu, leo tunaandika nani HAWEZI kuingia, majina ni siku nyingine. Wakanuna. Lakini ukiwa huna jina mbele yako ni vigumu kutengeneza sheria ya kumbeba mtu wako au kumzuia wa mwenzako, na hiyo ndiyo siri nzima kama unataka kujua nilifaulu wapi. Laiti majina yangetangulia tungekuwa bado tunabishana mpaka leo.

Tukaandika hivi: kiongozi wa timu haingii, kocha haingii, mchezaji haingii, anayelipia jezi au uwanja haingii, na kama uliacha majuzi tu ili uingie kwenye kamati pia huingii, lazima misimu miwili ipite. Kule kwenye raga nao walifunga mlango kwa viongozi na waajiriwa wa klabu, wa majimbo na wa News. Hapo kwa anayelipia jezi ndipo moto uliwaka. Papa mmoja, yaani mzee, wa timu ya Wakongo, mtu namheshimu sana, akasimama akasema, "Timu ni miye nilianzisha, majezi ni miye nilinunua, sasa munanitosha?" Chumba kikanyamaza. Nikamwambia Papa, hatukutoi, wewe ndiye utakuwa unawapigia kura na ukiona hawafai utaitisha mkutano mkuu uwatoe, ila usikae kuamua kadi nyekundu ya kijana wako mwenyewe. Akakaa. Hakukubali, alikaa tu, lakini kwenye vikao vyetu mtu akikaa hiyo ni ishara tosha.

Kuhusu ndugu ndipo nilipotumia mfano wa Wayne Pearce mpaka wakaujua kwa jina. Huyu alikuwa nahodha wa klabu ya Balmain ya Sydney zamani, mchezaji wa New South Wales, baadaye kocha, na alikuwa mmoja wa wale wanane wa kwanza. Sasa kijana wake Mitchell wakati huo alikuwa anachezea klabu ya Sydney Roosters na jimbo la New South Wales, wenye jezi ya bluu, mahasimu wa Queensland. Pale kazini walibishana hiyo kitu mpaka chai ikapoa, kuna mzee mmoja wa forklift, Queensland damu, akasema mtu ambaye mwanawe anavaa jezi ya bluu hawezi kuwa huru hata ukimwapisha, na mwingine akamjibu ukitoa kila mwenye ndugu kwenye raga utabaki na watu ambao hawajui mpira una umbo gani. Wote wawili walikuwa na pointi. Na kwetu ingekuwa mbaya zaidi, jamii ni ndogo, kila mtu ni shemeji wa mtu. Ukisema asiwe na ndugu uwanjani kamati itabaki na mchungaji na imamu, na hata hao wana watoto. Kwa hiyo tukaruhusu, kwa masharti, unatangaza mapema ndugu yako anacheza wapi, inaandikwa, na kesi ya timu hiyo ikija unatoka nje ya chumba. Unatoka kabisa, sio kukaa kimya kwenye kona huku unakohoa.

Baada ya hapo ndio nikaanza kutafuta watu, na hapa tena nilichungulia wale wanane. John Grant mwenyekiti alichezea Australia mwanzoni mwa miaka ya 70 halafu akajenga kampuni ya kompyuta, Data#3, hapa hapa Brisbane. Gary Pemberton na Peter Gregg walipitia shirika la ndege la Qantas, huyu wa mwisho upande wa hesabu. Ian Elliot mtu wa matangazo, Jeremy Sutcliffe wa vyuma chakavu, Catherine Harris wa biashara ya mboga na matunda. Chris Sarra ni mwalimu, Mwaborijini, aliyejulikana kwa kuinua shule ya Cherbourg, mji wa Waaborijini huku Queensland. Watu walipiga kelele sana wakati ule, wafanyabiashara watupu, wanajua nini kuhusu skramu. Mimi nililiona tofauti kidogo. Ukitazama shida iliyokuwa mbele yao ilikuwa mkataba wa televisheni, na Agosti hiyo hiyo wakasaini na Channel Nine na Fox Sports, dola bilioni 1.025 za Australia kwa miaka mitano. Walichagua watu kulingana na kazi. Ingawa na mimi naungana na walionung'unika kwa kitu kimoja, mchezo ambao wachezaji wake wengi wana asili ya visiwa vya Pasifiki hukuona mtu wa visiwani kwenye meza ile ya kwanza, na hilo halikuhitaji darubini.

Kazi yetu sisi ilikuwa ipi? Pesa ya kukodi uwanja, marefa, bima, na hasira. Basi nikatafuta kwa mtindo huo. Wa hesabu nilimpata dada mmoja Mtanzania anayefanya mishahara hospitali, mpira haupendi hata kidogo, akaniuliza "hivi mnacheza dakika ngapi?" nikajua huyu ndiye. Wa nidhamu ni mzee Mrundi aliyekuwa mwalimu mkuu, vijana wakimwona wanachomekea shati. Wa marefa nilimtoa nje kabisa, Mwaustralia anayechezesha ligi za mtaa, na hapo wengine wakalalamika ati tunamletea mzungu vitu vyetu, lakini walipokumbuka kwamba yeye hana kwao kwenye ligi hii wakapoa. Kuna mama wa Kisomali mwenye duka mtaa wa Moorooka, huyo alikuwa anajua kila familia, nani hasalimiani na nani na tangu lini, na nakuambia hakuna sifa iliyotusaidia kama hiyo.

Kitu ambacho sikukubali ni kiti cha nchi. Walitaka kila nchi ipewe kiti chake. Inavutia, inaonekana ni haki, lakini mtu akikaa kwenye kiti cha Warundi atafanya kazi ya Warundi, sasa tumerudi pale pale. Tukamaliza na watu wa nchi mbalimbali bila kuandika popote kwamba lazima.

Halafu kutoa. Wengi wanapounda kamati husahau mlango wa kutokea. Mwisho wa 2016 klabu za NRL zilimgeuka Grant sababu ya pesa, zilikuwa zimeahidiwa mgao wa asilimia 130 ya kiwango cha juu cha mishahara ya wachezaji na zikaona ahadi inayeyuka, wakatishia kuitisha mkutano wa kumtoa. Akaponea, akakaa mpaka 2018 Peter Beattie aliyewahi kuongoza serikali ya Queensland akachukua, na 2019 akaja Peter V'landys kutoka mbio za farasi. Hiyo ilinionyesha kwamba uhuru haumaanishi huguswi. Kwetu theluthi mbili ya timu zikikubaliana kamati yote inaenda, lakini lazima itoke yote kwa pamoja, hakuna kumchomoa mmoja kwa sababu alikupa adhabu wiki iliyopita.

Kura ikapigwa kwenye ukumbi wa kanisa, wakapita wote, mmoja tu alipita kwa shida. Kesi ya kwanza ikawa, bila shaka, ya Wakenya. Timu moja ilichezesha kijana ambaye hakuwa kwenye orodha, ikanyang'anywa pointi tatu. Mwenye timu akanipigia usiku, "We ni ndugu yetu, si ni wewe uliwaleta hawa watu?" Nikamwambia ndio niliwaleta, mkawapigia kura, namba ya mwenyekiti unayo. Akakata simu. Kesho yake akampigia mwenyekiti, akaandika rufaa kwa karatasi kama sheria inavyosema, akashindwa tena, na wikendi iliyofuata timu ilikuwa uwanjani saa nne kamili, jezi zimepigwa pasi.

Msimu huu wawili wanamaliza muda, yule dada wa hesabu amehamia Perth. Kama uko Brisbane na unajua vitabu vya pesa na hujawahi kulipia timu yoyote hata chupa ya maji, mtafute mwenyekiti. Usinipigie mimi.