Uyoga Usio na Mzizi

Oktoba ya 1997 mvua za El Niño zilitufungia ndani kule Kisauni siku baada ya siku. Ilipopusa asubuhi moja, nilichukua ungo nikaenda chini ya miembe nyuma ya nyumba. Nyasini palikuwa peupe kwa uyoga, kofia pana kama visahani vya chai. Nilijaza ungo nikarudi mbio.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Uyoga wa nazi aliupenda kuliko kuku. Akautwaa mmoja, akaupindua, akatazama pale shina lilipokatikia.

"Mzizi wake u wapi?"

"Hauna mzizi, Nyanya. Umetoka juu juu tu."

"Basi huu haupikwi."

Nilibisha. Konokono walikuwa wameutafuna, sumu itoke wapi? Akaniambia konokono ana tumbo lake nami nina langu, akaurudisha ungo mikononi mwangu nikautupe shimoni, mbali na kuku.

Mmoja niliubakiza. Kaka yangu, aliyekuwa sekondari, alinionyesha: kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli mpaka kesho, uone rangi ya vumbi lake. Mikunjo ya chini ya kofia ile ilikuwa bado myeupe, na niliamini kwa moyo wote kwamba Nyanya ataumbuka.

Asubuhi nilifunua. Vumbi lilikuwa limejichora mistari myembamba sana kutoka katikati hadi ukingoni, kijani iliyofifia, kama mwani uliokaukia ufuoni. Nilipopitisha kidole lilipakika kama unga wa hina. Miaka mingi baadaye nilijua jina lake, Chlorophyllum molybdites, na kwamba spora za kijani, vumbi lile lile, ndizo zinazoufichua. Hukaa nyasini ukila vilivyooza, hauna haja na mchwa, na aliyeula huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 1 hadi 3. Watoto ndio huumia zaidi. Ila nisieleweke vibaya, karatasi peke yake haimlindi mtu. Amanita phalloides, muuaji mkubwa wa Ulaya, una spora nyeupe, sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na mlaji aweza kukaa saa 6 au zaidi akijiona mzima.

Nyanya aliitazama karatasi, hakusema neno. Jumapili alinichukua hadi vichaka vya Nguu Tatu, penye kichuguu. Uyoga wa pale ulikuwa na ncha ngumu katikati ya kofia. Kwa ncha ile hutoboa udongo. Akanipa kisu nichimbe pembeni ya shina, taratibu, nisilikate. Shina likageuka mzizi, mzizi ukazidi kushuka, mpaka mkono ulizama hadi kiwiko. Huko chini mchwa hujenga masega kwa majani na vijiti walivyokwisha kuvimeza na kuvitoa, na uyoga huota humo, ukiwalainishia miti migumu wasiyoiweza wenyewe. Wanaulisha nao unawalisha. Ikinyesha ndipo huchomoza nje.

Mchwa mmoja mwenye kichwa chekundu akaning'ata kidole.

"Ndio huu," Nyanya akasema.

Akaukata, akarudisha udongo shimoni, akaushindilia kwa kisigino ili maji yasiwaingilie. Jioni ile nazi niliikuna mimi.