Kuhamisha ulimwengu wa Minecraft kutoka Realms kwenda seva ya nyumbani: kumbukumbu ya mradi

Lengo: ulimwengu wa Minecraft Java wenye wachezaji wanane utoke Realms, huduma rasmi ya seva za Minecraft ya kulipia kila mwezi, uendeshwe na kompyuta mpakato kuukuu yenye RAM ya GB 8, SSD na Debian (mfumo wa Linux). Sababu ni moja: Realms ya Java haipokei modi wala programu-jalizi, yaani nyongeza zinazobadili mchezo au seva. Asiyezihitaji hana haja ya kuendelea kusoma, alipie tu. Na kundi la Bedrock (toleo jingine la Minecraft, la simu na konsoli) lenye watu wa PlayStation au Switch litapata taabu zaidi, kwa kuwa konsoli hizo hazina sehemu ya kuandika anwani ya seva yako.

Anwani kwanza
Kazi ilianzia kwenye ruta, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya namna hii hufia. Angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ukurasa wa ruta, kisha ilinganishe na ile inayoonekana ukiwa nje ya mtandao wako. Zikitofautiana, au ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kwa kawaida mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue poti (mlango wa mtandao kwenye ruta) usiku kucha, hakuna atakayeingia. Zimebaki njia tatu: kuomba anwani ya umma, kukodi seva ndogo yenye anwani yake na kuiunganisha na nyumbani kwa WireGuard (njia ya siri ya VPN), au kubaki Realms. Ukikodi, bili ya kila mwezi imerudi kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo piga hesabu kabla.

Hapa anwani ni ya umma ila hubadilika, hivyo DDNS, huduma ya jina linalofuata anwani inapobadilika, inatosha. Ruta inapeleka TCP 25565, poti ya Minecraft, kwa kompyuta, nayo imepewa anwani ya ndani isiyobadilika. Ukijaribu kuingia kwa jina la nje ukiwa ndani ya nyumba na ikagoma, usikimbilie kubomoa mipangilio. Ruta nyingi hazirudishi safari ya namna hiyo. Jaribu kwa data ya simu.

Kuwasha
Matoleo ya 1.20.5 hadi 1.21 yanataka Java 21. Ukiwa na ya zamani utaona UnsupportedClassVersionError. Mara ya kwanza seva hujizima hadi uandike eula=true kwenye eula.txt, yaani ukubali masharti. Kisha:

java -Xms4G -Xmx4G -jar server.jar nogui

Usiipe GB zote 8. Java hutumia kumbukumbu zaidi ya kikomo hicho cha -Xmx, na mfumo wenyewe unahitaji yake. Ikiisha, Linux huua seva katikati ya mchezo na logi ya mchezo haisemi kwa nini. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko mashine inalala. Betri ya mpakato inasaidia umeme ukikatika, ila ruta isiyo na UPS inazima vilevile.

Kwenye server.properties weka white-list=true, ili waingie walioorodheshwa tu, na online-mode, inayothibitisha akaunti, ibaki true. Ukiizima online-mode, yeyote anaweza kuingia kwa jina la msimamizi.

Kasi
Seva ina milisekunde 50 kwa kila tiki (hatua moja ya mchezo), tiki 20 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inabebwa na kiini kimoja cha prosesa. Ndiyo maana viini vingi dhaifu havisaidii. Kilicholeta nafuu kubwa ni view-distance, umbali wa kuona: ikiwa 10, kila mchezaji anazungukwa na chanki (vipande vya ulimwengu) 441, ikiwa 6, ni 169. Paper, seva mbadala iliyo nyepesi zaidi, iliwekwa badala ya seva ya kawaida, na amri ya /mspt inaonyesha milisekunde zinazotumika kwa tiki. Bado hupanda mtu akiruka kwenda eneo jipya, maana kuzalisha chanki ni kazi nzito kuliko kuzisoma diskini. Dawa yake ni kuzizalisha mapema kwa programu-jalizi ya Chunky wakati hakuna anayecheza.

Gharama
Mashine ikila wati 15 mfululizo, ni uniti 10.8 kwa siku 30. Kompyuta ya mezani ya wati 60 ni uniti 43.2, na hapo usajili unaweza kuwa nafuu. Zidisha kwa bei ya uniti yako.

Bakapu
Hii ndiyo kazi ambayo Realms ilikuwa inaifanya kimyakimya. Skripti hutuma kwa seva save-off (sitisha kuhifadhi), save-all flush (andika yote diskini), hunakili folda ya ulimwengu kwenda diski nyingine, kisha save-on (endelea kuhifadhi). Hatari iko hapo mwisho: diski ikijaa na skripti ikafia katikati, save-on haitumwi, seva inaendelea bila kuhifadhi, na ikizimika ghafla kazi yote ya tangu hapo imepotea. Kwa hiyo save-on imewekwa ndani ya trap, amri ya skripti inayoendeshwa mwishoni kwa vyovyote, itumwe hata skripti ikishindwa.

Kilichobaki: kufungua bakapu kwenye folda nyingine, kubadili server-port iwe 25566, na kuingia kuangalia kama masanduku bado yana vitu. Usajili wa Realms hausitishwi kabla ya jaribio hilo kufaulu.