Daraja la Kyaka na hesabu mbovu za Amin

Novemba 1978 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza kuwa ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni yake, na daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa na watu wake ili Watanzania wasivuke. Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Daraja likikatika bila ukingo kulindwa, mwenye wahandisi anatandika la muda na kuvuka, na JWTZ, jeshi la Tanzania, walivuka. Askari wa Amin walikuwa wapi? Wanasomba ng'ombe na mitambo ya kiwanda cha sukari! Machi 1979 Gaddafi wa Libya, rafiki wa Amin, akatuma ndege ya mabomu ya Tu-22 kupiga Mwanza. Ikakosa shabaha, ikaua swala wa Saanane, kisiwa cha hifadhi ya wanyama (sijui walimkosea nini). Wiki mbili hazikutimia, Aprili 11 Kampala ikaanguka.